Nguzo ya Umeme Ilipokuja Kunishtaki

Usiku wa jana niliota nguzo ya umeme imekuja kunishtaki mlangoni kwangu, tena mchana kweupe, jua linawaka, nami nimekaa barazani nachambua maharage.

Kabla sijaendelea, nieleze kidogo, maana ndoto hii haikuja bure. Kijijini kwetu Idunduma, huku juu kwenye baridi ya Njombe, umeme si wa kampuni wala si wa tajiri fulani. Ni wetu. Ushirika wetu una mtambo mdogo pale Mto Ihamba unapoporomoka, na kila mwenye nyumba ni mwanachama. Mfereji tunauzibua kwa zamu, chini ya waya tunafyeka kwa msaragambo, kijiji kizima pamoja, na bei inapangwa na mkutano mkuu, siyo na mtu wa mbali asiyetujua kwa sura. Ndiyo maana hata mimi, Leokadia, au Mama Fidea kama wanavyoniita, mke wa fundi seremala tu, nina mashine ya umeme ya kutotoleshea vifaranga. Nimeiweka pembeni mwa kitanda, kama mgonjwa. Jana mayai yake yalikuwa yamefikia siku ya kuanguliwa. Umeme ukatike saa chache tu kwenye baridi hii, yote yanageuka mawe.

Sasa jana hiyohiyo jioni akaja shemeji yangu Osmundi, mdogo wake mume wangu, ambaye ndiye fundi wa laini wa ushirika. Akasimama chini ya mianzi yangu, ile ninayogema ulanzi, pombe yetu ya huku, akatazama juu mpaka kofia ikamdondoka.

"Shemeji," akasema, "mianzi hii inataka kubusu waya. Upepo ukija kuvuma usiku, kijiji kizima kitalala gizani. Niruhusu nikate."

"Thubutu! Mianzi inatoa ulanzi sasa hivi. Kata mwanzi wangu mmoja kabla masika hayajaisha, nami nitakukata miguu."

"Ushirika unasema mita mbili kila upande wa laini."

"Uambie ushirika mwanzi ulioinama nimeshaufunga."

Na kweli nilikuwa nimeufunga. Nilichukua kamba ya katani, nikaukamata ule mwanzi mrefu kuliko yote, ule ulioinama, nikaufunga kwenye nguzo yenyewe ya umeme ili usiyumbe. Niliona nimefanya la maana sana. Osmundi alipoiona ile kamba alicheka mpaka akakaa chini. Halafu akaacha kucheka. Akasema kesho asubuhi atarudi na panga na mwenyekiti. Nikamwambia aje na padri pia. Nikaingia ndani, nikalala nimenuna.

Haya, ndoto sasa.

Nguzo yuko mlangoni. Ameinama ili asigonge paa, na amefuta miguu kwenye gunia kama mtu aliyefunzwa kwao. Kiunoni ana kamba yangu ya katani. Upande wa pili wa kamba yuko Mwanzi, amemlalia begani, macho yamelegea, anaimba nyimbo za harusi na kurukaruka maneno. Amelewa. Amelewa ulanzi wake mwenyewe.

"Kamwene," anasema Nguzo.

"Kamwene. Karibu ukae."

"Mimi sikai. Siku nikikaa mimi, mnalala gizani."

Nikaona ana haki. Nikaendelea na maharage yangu.

"Mama Fidea," anasema, "umeniozesha bila kuniuliza."

"Nimekuozesha na nani?"

"Na huyu." Anamwonyesha Mwanzi kwa kikombe cheupe kimojawapo kati ya vile vya kushikia waya kichwani mwake. "Sina posa, sina mshenga, sina hata chai. Mimi nina ndugu mstari mzima kutoka hapa mpaka mtoni, tumeshikana mikono. Hakuna hata mmoja aliyealikwa. Wananiona hivi nilivyo na wanaona aibu."

"Jamani, mimi nilimfunga kwako ili asiyumbe."

"Anayumba," anasema Nguzo. "Tofauti ni kwamba sasa tunayumba wawili."

Mwanzi anafungua jicho moja. "Mume wangu hacheki," anasema. "Nimemwimbia tangu jioni. Hacheki." Kisha anacheua, na harufu ya ulanzi mchanga inajaa barazani, tamu, mpaka nikasikia hamu.

Ningemwambia nini? Ndoa ikishafungwa imefungwa. Nikasema labda watazoeana.

"Shauri lako linasikilizwa na mkutano mkuu," anasema Nguzo.

"Lini?"

"Sasa. Chukua mayai yako. Nayo yameitwa."

Naingia chumbani, naibeba mashine kichwani, waya wake unaburuzika nyuma yangu, taa ya ndani bado inawaka. Sikushangaa. Kilichonishangaza ni kwamba nilipogeuka kutoka, mlango haukuwepo, wala baraza, wala maharage yangu. Nimesimama ndani ya mfereji wa ushirika, maji yananifika magotini.

Mbele yangu amekaa Mto Ihamba mwenyewe. Ni mama mnene, amekaa kwenye kigoda, amepanua mdomo, na wanachama wawili wenye reki wanamchokonoa majani kwenye meno. Nikayatambua yale meno. Ni lile chujio letu la vyuma pale maji yanapoingilia kwenye bomba la mtambo.

"Fanyeni taratibu," anasema Mto. "Hapo pana fizi."

"Shikamoo Mama," nasema.

"Marahaba. Wewe ndiye yule wa mianzi?"

"Ndiye."

"Ulikuja kwenye zamu yako. Uliniondolea na lile gogo lililokuwa limenikwama tangu Pasaka. Sijasahau." Anatema jani la mkaratusi. "Hii ndiyo kazi yangu: natafuna, nameza, mnapata umeme. Majani yakijaa mdomoni, natafuna vibaya, na taa zenu zinakuwa nyekundu kama jicho la mgonjwa. Watu husema umeme wetu ni rahisi kwa sababu maji ni ya bure. Mh! Maji ni ya bure. Kusugua meno si bure. Mmekubali tu kusugua wenyewe."

Kando yake kuna foleni ya wanawake wenye ndoo. Kila mmoja anaingiza ndoo mdomoni mwa Mto, anaitoa imejaa kitu kisichoonekana ila kinanguruma kama nyuki, anajitwisha, anaondoka kwa mwendo wa madaha.

"Usimwage," mmoja ananiambia akipita. "Wa nyumba ya mwisho hawajapata."

"Na wewe," Mto ananiambia, "nitatafuna usiku kucha kwa ajili ya mayai yako. Nimeahidi. Lakini mimi nafika kwenye bomba tu. Kuanzia pale ni waya, na waya una mchumba mpya. Nenda ukamwone Mbuzi, yuko njiani."

Nataka kuuliza mbuzi gani. Naona tayari niko kwenye shamba la viazi, na Nguzo ananitangulia, hatua moja yake ni kumi zangu, na Mwanzi anaburuzwa nyuma akiaga watu asiowajua.

Katikati ya shamba kuna mbuzi mweupe, amefungwa kamba ndefu shingoni. Watu kama kumi wamekaa chini wameishika ile kamba, wanapiga soga, mmoja ananyonyesha. Mbuzi hatulii. Anainua miguu ya mbele, anatazama juu, anashuka, anainua tena.

"Huyu ni nani?" nauliza.

"Bei," anasema Nguzo, na anasogea pembeni kidogo.

"Mbona mmemkamata hivi?"

Mama anayenyonyesha ndiye anayenijibu. "Akiachiwa anapanda. Ndiyo asili yake. Akiona ukuta anapanda, akiona mti anapanda. Mwaka ule nguzo ilipoangukia kwa Wangama ikabidi tununue mpya na waya mpya, kamba ilituponyoka mikononi, akapanda mpaka juu ya paa la kanisa. Ilituchukua msimu mzima wa viazi kumshusha. Watu walikuwa wanakula ugali gizani, mbuzi anawatazama toka juu."

"Na hii zamu ya kushika kamba inaisha lini?"

"Haiishi. Unaweza kwenda kuzibua mfereji badala yake, au kufyeka chini ya laini. Kila tawi linalokatwa, kamba inafupika kidogo. Kidole kimoja hakivunji chawa, mama."

Mbuzi akanisogelea. Ana macho mazuri, ya kimanjano, ya mtu mwenye mipango.

"Mama Fidea," ananinong'oneza, "mimi nakuunga mkono. Usikate."

"Asante! Afadhali wewe umenielewa. Kwa nini?"

"Mwanzi ukianguka, waya unakatika. Waya ukikatika, wananunua waya. Wakinunua waya, mimi napanda." Anafumba macho kwa raha. "Napenda sana kuona mbali."

Lo! Nikajisikia vibaya kidogo. Si vizuri kuungwa mkono na mbuzi wa namna ile. Lakini sikumwonyesha. Nikamwambia ashike adabu yake, nikaondoka na mayai yangu.

Tukatokea zahanati, ingawa zahanati iko upande mwingine kabisa wa kijiji. Pale nje, jioni inaingia upande mmoja tu wa barabara. Upande wa pili bado ni mchana. Kwenye jioni amesimama Mama Transfoma, shingo nene, mikono kiunoni, na kichwani amebeba mzigo ambao sijawahi kuuona. Kuna pasi. Kuna redio tano zinabishana. Kuna mashine ya kinyozi, mashine ya kusaga, jiko la umeme la mwalimu, na juu kabisa, imekaa kwa heshima zake, friji ya zahanati yenye chanjo za watoto.

"Jamani, mmoja mmoja!" anapiga kelele. "Kila siku nawaambia. Saa ya jioni mnanijia wote kama mnakimbia mvua. Mashine ya kusaga, wewe unatafuta nini hapa? Nenda kule mchana, kichwa changu kule ni kitupu, nimekaa tu nahesabu ndege."

"Mwenye mahindi amechelewa," anasema Mashine ya Kusaga, amenuna.

"Mwenye mahindi apange siku yake! Mkijazana hapa jioni, shingo yangu itavunjika, na shingo yangu mnaijua, inaagizwa mbali. Jioni niachieni taa, redio moja, na friji. Redio moja, nimesema! Zote zinatangaza mpira uleule."

Mashine ya Kusaga akavuka barabara kwenda mchana, anakokota miguu. Alipofika kule nikamsikia anasaga vizuri tu, tena anapiga mluzi.

Mama Transfoma akaniona. "Na wewe, una nini hapo?"

"Mayai. Leo ndiyo siku yake."

"Lete." Nikamtwisha. Akajiweka sawa, akafumba macho kama mtu anayepima unga kwa mkono. "Nyepesi. Hata sijaisikia. Lakini hii ni ile mizigo midogo isiyotaka kutuliwa chini hata kidogo, sivyo?"

"Hata kidogo, dada yangu. Usiku huu tu."

"Mimi sitautua. Ila ujue mimi mzigo naletewa kwa waya. Waya ukikatika, nitakuwa nimesimama hapa na kichwa kitupu, na wewe utakuwa na mayai baridi. Kamba hukatikia pembamba, mama, na pembamba pa kijiji hiki pako kwenye mianzi yako."

Toka ndani ya mashine nikasikia sauti ndogo nyingi kwa pamoja: "Mama, baridi itakuja?"

"Haiji," nikasema. "Nani kawaambia? Laleni."

Mimi mayai haya nimeyageuza kwa mkono kutwa mara tatu, nimeyachora msalaba wa mkaa upande mmoja ili nisipoteze hesabu ya kugeuza. Nimeyaamkia usiku. Mume wangu amesema wazi kwamba tangu mashine iingie chumbani yeye amekuwa mpangaji. Nikayaona yote yamepoa, nimeyapanga kwenye beseni, natembea nayo kwenda kuyafukia nyuma ya choo. Nikaogopa sana.

"Mkutano unaanza," anasema Nguzo. "Ingia."

"Niingie wapi?"

Nikaona tumeshaingia. Mkutano mkuu wa Ushirika wa Umeme wa Mto Ihamba unafanyika ndani ya mashine yangu ya kutotoleshea vifaranga, kwa kuwa ndipo mahali pekee penye joto Idunduma. Wajumbe wote wamevua masweta. Nguzo amejikunja kama rula ya seremala ili aenee. Mto amekaa kwenye kile kibakuli changu cha maji ya unyevu, anasema hajambo. Kwenye kioo, nje, naona mume wangu amelala, mkubwa kama mlima, anakoroma, na kila akikoroma wajumbe wanashika makaratasi yao, ingawa hawana makaratasi.

Anayeongoza ni shemeji yangu Osmundi. Amekaa juu kabisa, amevaa vyuma vyake vya kupandia na mkanda, ameegemea hewa, maana nguzo ndiye mlalamikaji na hawezi kuegemewa siku ya shauri lake.

"Shemeji," namwambia, "wewe unaingia chumbani kwangu na viatu?"

"Shemeji, tuko kikaoni. Niite Mwenyekiti wa muda." Anakohoa. "Agenda ni moja. Ule mwanzi ulioinama wa Mama Fidea na wenzake watatu walio juu ya laini, wakatwe au wasikatwe. Mwanachama mmoja, kura moja. Mwenye pasi na mwenye kiwanda ni sawa. Anayetaka wakatwe, adonoe ncha ya jani. Asiyetaka, alikunje. Mbuzi haruhusiwi kupiga kura, yuko nje."

Nje ya kioo Mbuzi akatikisa ndevu, hakukasirika.

Majani ya kura aliyatoa Mwanzi, akiyang'oa kichwani mwake moja baada ya jingine na kuyagawa. "Mnanipigia kura kwa nywele zangu mwenyewe," anasema, akalia, kisha akacheka, kisha akasahau alikuwa analia kwa nini.

Wa kwanza kusimama ni Friji wa zahanati. "Mimi nina chanjo za watoto," anasema. "Sina la kuongeza." Akakaa.

Vikombe vya klabu ya ulanzi vikasimama vyote pamoja, vinagongana. "Sisi ni wengi," vikasema, "na tuna kiu." Vikashangiliwa sana, hasa na mbeta zile za kukingia ulanzi, ambazo zilikuwa zimekaa nyuma kabisa kama walevi wakaavyo kanisani.

"Mama Fidea," anasema Osmundi. "Jitetee."

Nikasimama. Nilikuwa nimejiandaa kuwatukana wote, kwa majina. Badala yake likatoka lingine.

"Mianzi hii niliikuta siku naolewa," nikasema. "Nilikuja hapa simjui mtu, baridi inaniuma, nalia kimya kimya jikoni. Mama mkwe wangu akanishika mkono akanipeleka pale mianzini. Akanigemea kikombe cha kwanza kwa mkono wake, akaniambia, kunywa, sasa wewe ni wa hapa. Yeye hayupo tena. Mianzi ipo. Na ninyi mnakuja na panga na mita mbili zenu. Nawaambia roho inaniuma. Inaniuma kweli."

Nikaanza kulia pale mbele ya redio na pasi. Osmundi naye akajifuta macho, maana aliyekuwa mama mkwe kwangu kwake alikuwa mama.

Hata mume wangu aliacha kukoroma.

Halafu Mwanzi akasimama. Ulevi ulikuwa umemtoka, au ulikuwa umefika pale mtu anaposema kweli. Akaikamata ile kamba ya katani kiunoni mwake.

"Shina langu liko mbali na waya," akasema. "Aliyekupa kikombe alikigema kwenye shina, siyo huku juu nilikorefuka bila adabu. Mama Fidea, mimi nikikatwa naota tena. Masika yajayo nitakuwa hapa nakusumbua. Huyu mume wangu akikatika, haoti."

Nguzo akamtazama mkewe kwa mara ya kwanza. "Asante," akasema.

"Umecheka?"

"Nimecheka ndani."

Ningekuwa mtu laini ningebadilika palepale. Lakini mimi sikuzaliwa hivyo, na mbele za watu ndiyo kabisa. Nikalichukua jani langu nikalikunja, nikalikunja tena, nikamkabidhi Osmundi nikimkazia macho. Neno nimesema jioni, nimesema.

Akahesabu. Akarudia kuhesabu. Vikombe na mbeta na mimi upande mmoja. Friji, taa, mto, nguzo na wenzao upande wa pili. Na Mwanzi? Mwanzi alikuwa ameliweka jani lake sikioni akalisahau.

"Kura zimelingana," anasema Osmundi. "Kanuni zetu zinasema, zikilingana anaamua mwanachama mdogo kuliko wote."

Watu wakatazamana. Mashine ya kinyozi akasema yeye ni wa mwaka jana. Pasi moja akasema yeye ni wa Krismasi.

Ngo, ngo, ngo. Kitu kinagonga. Ni lile yai la pembeni karibu na taa, lile nililochora msalaba mkubwa kuliko mengine kwa sababu mkaa ulivunjika mkononi.

"Mimi," linasema.

"Wewe bado uko kwenye yai," Osmundi anasema.

"Anayeishi kwa umeme wa ushirika ni nani?"

"Ni mwanachama."

"Mimi sijawahi kuishi kwa kitu kingine chochote," linasema yai. "Nangojea nimalize kutoka, nije nipige kura."

Hapo nikafurahi! Nikapiga na kigelegele. Huyu ni wangu. Nimemgeuza kwa mkono wangu, nimemkatia mume wangu usingizi kwa ajili yake. Kura hii ni yangu, iko mfukoni. Nikamkonyeza Osmundi.

Ndipo taa ikafifia.

Ikafifia, ikarudi. Ikafifia tena. Baridi ikaingia kidogo kwenye ukingo wa kioo kama mtu anayepiga hodi.

"Si mimi," anasema Mto. "Mimi natafuna."

"Si mimi," anasema Mama Transfoma toka nje. "Mimi nimebeba."

Wote wakageuka wakamtazama Mwanzi.

"Ni upepo," akasema kwa sauti ndogo. "Unanisukuma. Nimejishika kwake, lakini nadhani namvuta."

Nje ya kioo, Mbuzi akaweka mguu wa kwanza juu ya kitanda changu, halafu juu ya goti la mume wangu, akaanza kupanda.

Yai likapasuka. Kifaranga akatoka, amelowa, anatetemeka, shingo haijui ikae wapi. Akalitazama jani aliloandaliwa. Akanitazama mimi.

"Mama, unanipenda?"

"Sana, mwanangu. Sana tena sana."

"Basi geuka usiangalie."

Akalichukua jani akanipa mgongo. Nikanyoosha shingo nione kama analikunja au anafanyaje, na vikombe vyote vikasimama mbele yangu, sioni kitu, naviambia viondoke, haviondoki.

Nikaamka.

Kunapambazuka. Upepo unavuma juu ya bati, na huko nje mianzi inalia kama mlango usiotiwa mafuta. Taa ya mashine pembeni mwa kitanda ikafifia, ikarudi. Mume wangu anakoroma, hana habari, mguu mmoja nje ya blanketi.

Nikashuka kitandani haraka nikachungulia kwenye kioo. Yai la msalaba mkubwa limepasuka katikati. Pembeni yake amesimama kifaranga mmoja, wa kwanza, bado amelowa. Mengine yameanza kuonyesha nyufa.

Chini ya mguu wa kifaranga kulikuwa na kitu cha kijani.

Mashine hii ina komeo. Tangu mayai yaingie siku za kuanguliwa sijaifungua hata mara moja, maana unyevu ukitoka vifaranga hukwama. Komeo lilikuwa vilevile nilivyolifunga. Nikalifungua, nikaingiza mkono upesi, nikakitoa, nikafunga.

Ni jani la mwanzi, bichi. Nikalisogeza karibu na taa. Halikuwa na mkunjo hata mmoja. Ncha yake ilikuwa imedonolewa.

Nikamtazama yule kifaranga. Naye akanitazama, halafu akajifanya anaangalia ukuta.

"Baba Fidea," nikasema. "Amka. Amka wewe! Kimbia kamwite mdogo wako aje na panga, kabla upepo haujazidi."

Akakaa, macho bado yamefumba. "Si ulisema utamkata miguu?"

"Nilisema," nikamwambia, nikitafuta viatu vyangu vya mvua chini ya kitanda. "Nimeshindwa kura."